Baiskeli Isiyoenda Popote: Jasho la Gym Linalipa Ukifika Barabarani?

Aprili 10, 2016, uwanja wa baiskeli wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa. Wanaume watano wanaingia kumalizia mbio, hoi kabisa. Wametoka kula zaidi ya kilomita 250, na kati ya hizo zaidi ya 50 ni za mawe yale ya zamani yanayotikisa mpaka meno. Mmoja wao ni Mbelgiji ambaye ameshinda mbio hizi mara 4 na anaitaka ya 5, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifanya. Mwingine ni mzee wa kazi kutoka Australia, miaka 37, yule mtu wa kubebea wenzake maji. Hizi mbio ameshazikimbia mara 14 na hajawahi kushinda hata mara moja.

Mwaustralia akashinda. Sura yake siku ile ilikuwa ya mtu anayesubiri kuambiwa kuna makosa yamefanyika.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Wiki sita kabla ya siku hiyo, jamaa alivunjika mkono kwenye mbio nyingine huko Ubelgiji. Hakuweza kushika usukani wa baiskeli barabarani. Akaifunga baiskeli yake kwenye mashine ya mazoezi gereji nyumbani, mkono mbovu akauegemeza kwenye ngazi, akawa anakanyaga tu huku anaangalia barabara za kompyuta kwenye skrini. Karibu mazoezi yake yote ya wiki zile aliyafanyia mle mle ndani.

Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kwenye magrupu kwamba darasa la spinning la saa moja linakufanya uwe mkali barabarani au ni disko tu la kuuza tisheti, ujue ubishi huu una historia ndefu, na pande zote mbili zina ushahidi.

Baiskeli ya kukaa sehemu moja si kitu kipya kama wengi wanavyodhani. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na chumba cha mazoezi, na mle ndani kulikuwa na baiskeli za kukanyaga bila kwenda popote, mbele yake kisahani kikubwa cha kuonesha umbali. Waendesha baiskeli wa mashindano nao walikuwa na vyuma vyao vya kuzunguka, unaweka baiskeli juu na kukanyaga ndani wakati wa baridi. Mbelgiji mwingine, huyu aliyebeba Tour de France mara 5, alipotaka kuvunja rekodi ya dunia ya saa moja kule Mexico City mwaka 1972, alijiandaa nyumbani kwake akikanyaga huku amevaa barakoa ya kumpa hewa hafifu, maana Mexico City ipo juu zaidi ya mita 2,200 na hewa ya kule ni nyepesi. Akaondoka na kilomita 49.431. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 1984.

Lakini spinning yenyewe, ile ya muziki na mwalimu anayepiga kelele, ina baba yake. Ni jamaa mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia California. Huyu hakuwa mtu wa dansi. Alikuwa mwendawazimu wa barabara, alikuwa akijiandaa na mbio za kuvuka Marekani yote kutoka bahari ya magharibi hadi ya mashariki, karibu kilomita 4,800, usingizi ukiibiwa tu njiani. Katika miaka ya 1980 usiku mmoja akiwa mazoezini nusura gari limpitie. Mke wake alikuwa mjamzito. Mwamba akaamua kuhamia gerejini, akajitengenezea baiskeli ya chuma yenye gurudumu zito mbele, akaweka muziki. Marafiki wakaja kuonja, wakanogewa. Ikawa darasa, darasa likawa chumba cha kulipia, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni kubwa ya baiskeli ya Marekani ikaanza kuiuza dunia nzima.

Yaani spinning ilizaliwa kwa ajili ya barabara. Wanaosema ni mchezo wa akina dada wa mjini hawajui walichokikalia.

Kilichobadilika ni baadaye. Kuanzia mwaka 2006 hivi, New York ilikuja na fasheni mpya: taa zinazimwa, mishumaa inawashwa, watu wanapiga pushapu kwenye usukani, wanainua vyuma vidogo huku miguu inazunguka. Ni burudani ya kweli na jasho ni la kweli. Ila hapo ndipo makocha wa barabarani walianza kununa, na kwa hili wana hoja. Kilo moja ya chuma mkononi haisaidii mkono, halafu inaiba nguvu ambayo ingeenda mguuni.

Kuna na hili la mashine yenyewe. Gurudumu la baiskeli ya spinning ni zito, mara nyingi kilo 13 mpaka zaidi ya 20, na kwenye nyingi limeunganishwa moja kwa moja na pedeli. Likishashika kasi linakuvuta mguu. Unajiona unazungusha mara 110 kwa dakika kama bingwa kumbe nusu ya kazi inafanywa na chuma. Barabarani hakuna chuma cha kukusaidia, kuna upepo. Na upepo hauna huruma: ukitaka kwenda mara mbili ya kasi yako kwenye tambarare, kuushinda upepo tu kunadai karibu mara nane ya nguvu. Hicho ndicho kinachowaumbua watu wa gym wakitoka Jumapili asubuhi na kundi. Mapafu yapo, moyo upo, lakini hawajui kujificha nyuma ya mwenzao, basi wanakata upepo peke yao mpaka wanakatika.

Faida ipo lakini. Kupandisha mapigo ya moyo kwa dakika chache, kupumzika, kupandisha tena, ni njia inayojulikana miaka mingi ya kukuza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, na darasa zuri la spinning ndivyo lilivyo. Mtu anayeanza atapata mabadiliko makubwa. Mtu ambaye tayari anapiga kilomita 200 kwa wiki atapata kidogo, tena kama mwalimu ana mpango na si orodha ya nyimbo tu. (Na mgeni wa siku ya kwanza asijifanye Rambo: wapo waliolazwa hospitali kwa misuli kuvunjika na kumwaga sumu kwenye figo baada ya darasa moja tu. Mkojo ukiwa rangi ya kola, usisubiri kesho.)

Turudi barabarani, kwa sababu kuna vitu ambavyo chumba hakina. Mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza baiskeli kwenye milima ya Kenya na baadaye akabeba Tour de France mara 4, mwezi Juni 2019 alikuwa anakagua njia kabla ya mbio huko Ufaransa. Akaachia mkono mmoja apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele, akaenda ukutani kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko, mbavu, vyote. Hajashinda mbio nyingine tena. Kama mtu mwenye ujuzi ule alibebwa na upepo wa sekunde moja, fikiria anayejua kukanyaga tu kwenye baiskeli iliyofungwa sakafuni kwa skrubu.

Kisa cha mwisho ni cha Mwaustralia mwingine, kijana huyu. Mwaka 2020 alishinda shindano la mtandaoni la kukanyagia ndani, zawadi ikiwa mkataba wa timu ya kulipwa Ulaya. Wakongwe wakacheka, eti bingwa wa sebuleni. Mwaka 2022 akaenda mbio kubwa za Hispania na kuwachapa mlimani mara mbili ndani ya siku tatu, akavaa sare ya mfalme wa milima. Miguu haikuwa na maswali. Kisha siku ya 18, sare ikiwa bado mwilini, akaanguka na safari ikaishia pale. Aprili 2024 akaanguka tena vibaya huko huko Hispania, akavunjika pingili za shingo na mgongo. Miezi mitano baadaye aliivaa tena sare ile ya milima, na safari hii akafika nayo Madrid.