Maktaba za Vyuo Vikuu na Utafiti: Mabadiliko ya Kiteknolojia

Maktaba ya kitaaluma ni maktaba inayohudumia chuo kikuu au taasisi ya utafiti. Hukusanya, hupanga na kuhifadhi maandishi, kisha huwafikishia wanafunzi, wahadhiri na watafiti. Kwa muda mrefu ukubwa wake ulipimwa kwa idadi ya vitabu vilivyopangwa rafuni. Kipimo hicho hakitoshi tena, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachosomwa leo haimo ndani ya jengo, na mara nyingi si mali ya maktaba yenyewe. Hilo la pili ndilo badiliko zito kuliko yote, ingawa husemwa kidogo kuliko habari za roboti na akili unde.

Katalogi

Kompyuta iliingia maktabani kwa mlango wa katalogi. Katika miaka ya 1960, Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani aliongoza ubunifu wa MARC, muundo wa kuandika taarifa za kitabu kwa namna inayosomeka na kompyuta. Muundo huo ungali unatumika. Mwaka 1971 maktaba ya Chuo Kikuu cha Ohio ilianza kuorodhesha vitabu kupitia mtandao wa OCLC, ushirika wa maktaba ulioanzishwa mwaka 1967. Kitabu kikishaorodheshwa na mkutubi mmoja, wenzake walichukua taarifa zake badala ya kuanza upya. Hata hivyo kadi za katalogi hazikutoweka haraka: OCLC iliendelea kuzichapa hadi Oktoba 2015.

Mifumo ya kibiashara ya kuendesha maktaba ilikuwa ghali mno kwa vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Nafuu ilitoka New Zealand, ambako programu huria ya Koha ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua na kuanza kazi Januari 2000. Sasa imeenea katika vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania. Haiuzwi, lakini inataka seva, umeme usiokatika na fundi anayeijua. Chuo kisichoajiri fundi huyo hujikuta kinamlipa mtu wa nje kila mfumo unapogoma.

Majarida: kumiliki na kukodi

Zamani maktaba ilipolipia jarida la karatasi, ilibaki nalo. Fedha zikikosekana mwaka uliofuata, matoleo ya nyuma yaliendelea kuwapo. Jarida la kielektroniki halinunuliwi hivyo. Maktaba hulipia leseni, na leseni ikiisha msomaji hufungiwa hata makala aliyoisoma jana, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha matumizi ya kudumu. Kwa ufupi, maktaba imekuwa mpangaji, na kodi hupangwa na mwenye nyumba.

Hata matajiri wamelalamika. Mwaka 2012 baraza la wahadhiri linaloshauri kuhusu maktaba za Harvard lilieleza kwamba majarida ya baadhi ya wachapishaji yalikuwa yakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haivumiliki. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na mchapishaji Elsevier mwaka 2019, kikakaa bila mkataba hadi Machi 2021.

Afrika Mashariki imejitetea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuungana: KLISC nchini Kenya, COTUL nchini Tanzania na CUUL nchini Uganda ni miungano ya maktaba inayojadiliana na wachapishaji kwa sauti moja na kugawana gharama. Ya pili ni mipango ya kimataifa kama HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na AGORA wa kilimo uliofuata mwaka 2003. Mipango hii hutoa majarida bure au kwa bei ndogo kwa nchi zenye kipato cha chini. Ina faida kubwa, lakini masharti yake hayaandikwi Dodoma wala Kampala.

Leseni pekee haitoshi bila mtandao. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ya vyuo ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kusuasua. Chuo Kikuu cha Cornell kiliukwepa ugumu huo kwa TEEAL, mkusanyo wa majarida ya kilimo uliosafirishwa kwa diski kuanzia mwaka 1999 na kusomwa bila mtandao wowote. Leo mwanafunzi aliye likizo Kigoma hubonyeza kiungo cha makala. Programu ya maktaba humtaka namba ya usajili na nywila, ikimtambua hulipitisha ombi lake kwa anwani ya chuo. Mchapishaji huona chuo, haoni Kigoma.

Hazina za kidijiti

Tasnifu ya uzamili ilikuwa ikijalidiwa kwa jalada gumu, jina limepigwa kwa herufi za dhahabu, kisha kuwekwa kwenye chumba ambamo haikuruhusiwa kuazimwa. Aliyeihitaji alisafiri. Programu huria ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, iliviwezesha vyuo kuziweka kazi hizo wazi mtandaoni. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zote zina hazina za namna hii. Baadhi ya wahadhiri walihofia kwamba uwazi ungerahisisha wizi wa kitaaluma. Kwa kweli umerahisisha kuukamata, maana kazi iliyo wazi hulinganishwa na nyingine kwa dakika chache.

Nakala ya kidijiti si kinga ya kila balaa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu ya mkusanyo wake wa Kiafrika. Kilichokuwa kimenakiliwa angalau kilibaki kwa sura hiyo. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia British Library, na wasomaji walikaa hadi Januari 2024 bila katalogi kamili ya mtandaoni. Vitabu vilikuwapo salama. Njia ya kuvifikia ndiyo iliyovunjika.

Akili unde

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa 2022, wakutubi wamekuwa wakiletewa maombi ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa: jarida ni la kweli, mwandishi ni wa kweli, kichwa kimebuniwa. Kuhakiki orodha ya marejeo, kazi iliyoonekana kuwa ya karani, imegeuka kuwa ustadi unaofundishwa.

Upande wenye tija zaidi ni usomaji wa maandishi ya mkono. Programu ya Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzinakili. Hapa ndipo Waswahili wanapohusika moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambayo orodha yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Mingine, ikiwamo ya wakusanyaji Taylor na Hichens, iko katika chuo cha SOAS, London. Katika miswada hii herufi ba huweza kusimama badala ya b, p au mb, na msomaji huamua kwa maana ya ubeti na mizani yake. Mashine haiwezi kuamua hivyo kabla ya kupewa kurasa nyingi zilizosomwa na wajuzi wa tenzi, na wajuzi hao hawaongezeki.

Majarida ya nje yatapatikana popote penye fedha. Miswada hii haiuzwi na mchapishaji yeyote, wala hakuna leseni ya kuifungia. Maktaba zetu zikipata bajeti ya teknolojia, zianzie hapo.