Ukuaji wa utambuzi, na mtoto wa Kwapa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hapo ndipo ugumu wa istilahi "ukuaji wa akili" unapoanzia. Tukisema hivyo, msikilizaji wa Kiswahili husikia mali: huyu anayo, yule hana, mwingine amepunjwa. Mwalimu akimwambia mzazi kwamba akili ya mwanawe haijakua vizuri, mzazi hurudi nyumbani akidhani amesomewa hukumu. Wanasaikolojia hawakusudii hivyo. Wao huzungumzia kazi za ubongo: kumakinika, kukumbuka, kulinganisha, kuelewa maneno, kupanga, kusubiri zamu bila pupa. Kazi hizo hukomaa polepole, nyingine mapema na nyingine hadi ujanani, na moja inaweza kusuasua wakati nyingine inakwenda vizuri.

Ndiyo sababu baadhi ya waandishi wameliacha neno akili na kusema ukuaji wa utambuzi. Si neno kamilifu. Pale Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambapo anayevuka huulizwa kitambulisho, utambuzi humkumbusha mtu karatasi zake kwanza. Hospitalini watu hulitumia kwa kubaini ugonjwa. Hata hivyo nalipendelea, kwa kuwa limezaliwa na kitenzi. Kutambua ni jambo mtu analolifanya, na jambo linalofanywa hufundishika, hukwama, na mara nyingi hukwamuliwa.

Tulipeleke neno hilo Kwapa, gombolola ya wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Kiteso kinasemwa huku na huku, na mpaka haugawi mbu wala minyoo. Anayetaka kujua umaskini unaingiaje katika ubongo wa mtoto, eneo hili la Tororo na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, lina majibu mengi kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Tuanze na mbu. Watafiti waliowahesabu Tororo mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Malaria nyingi hupona bila kuacha alama. Ile inayopanda kichwani haiondoki hivi hivi: katika hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uligundua kwamba miaka miwili baada ya kuugua, watoto 26 hivi katika kila 100 walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la utambuzi, ilhali kwa watoto wa mitaa yao ambao hawakuugua ni kama 8. Umaskini haumchomi mtoto sindano ya ujinga. Unamlaza bila chandarua, unamchelewesha kufika zahanati kwa sababu nauli ya bodaboda haijapatikana, kisha homa inamaliza kazi. Kuta za nyumba Tororo zilipoanza kupuliziwa dawa mwishoni mwa 2014, malaria ilishuka sana, na hilo nalihesabu kuwa ni mradi wa elimu ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Minyoo ina kisa kizuri zaidi. Mwaka 1998, upande wa Kenya wa Busia, shule 75 za msingi ziliingizwa kwa awamu katika mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Michael Kremer, mmoja wa waliouchunguza, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Matokeo ya mradi huo yamebishaniwa sana na wasomi, lakini kinachonivutia ni watoto ambao hawakuwa wamefikia umri wa kupewa kidonge. Walikuwa wachanga nyumbani kaka na dada zao walipotibiwa shuleni. Inaelekea mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo wa uani ambako wao walitambaa. Miaka kumi hivi baadaye Owen Ozier aliwapima. Waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja wakati ule walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya utambuzi, kwa kiasi kinacholingana na nusu mwaka hadi sehemu nane kwa kumi za mwaka wa masomo. Pemba nako, utafiti uliotoka mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa madini ya chuma walisonga mbele katika lugha. Madini hayo yakikosekana damu hupungua, na damu pungufu humfanya mtoto kuwa mpole, na mtoto mpole husifiwa badala ya kupelekwa kupimwa.

Hapa istilahi nyingine hujipenyeza: udumavu. Mkulima hulijua neno. Mahindi yaliyokosa mbolea hudumaa. Kitaalamu ni kimo kilicho chini sana ya kile kinachotarajiwa kwa umri, na nchini Uganda utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto walio chini ya miaka mitano wakiwa hivyo. Siku hizi wanasiasa husema "udumavu wa akili" kana kwamba utepe wa kupimia kimo unapima na ubongo. Haupimi. Njaa ya muda mrefu na magonjwa ya kurudiarudia hudhuru vyote viwili, kwa hiyo hufuatana, lakini yupo mfupi mwenye utambuzi mkali na mrefu asiyepata mtu wa kuzungumza naye.

Kuzungumza naye: hilo ndilo Watanzania wameliita uchangamshi wa awali, istilahi ninayoionea wivu kwa uzuri wake. Mchukue mama anayemenya muhogo huku mtoto wa miaka miwili akicheza na maganda. Anaweza kumnyang'anya maganda na kunyamaza. Anaweza pia kuinua ganda, akangoja mtoto alitazame, akasema hili ni refu, lile fupi, tafuta jingine kama hili. Mtoto akipata, amsifu na kumwambia kwa nini. Mafunzo ya walezi yaliyobuniwa na Pnina Klein wa Israeli, na ambayo yameletwa Uganda, yanajengwa juu ya vitendo kama hivyo: kumvuta mtoto amakinike, kulipa jambo maana, kulipanua, kumtia moyo, kumsaidia ajitawale. Havihitaji pesa. Vinahitaji mama ambaye hajachoka kabisa, na mama aliyeamka alfajiri kulima, akateka maji, kisha akauza sokoni mpaka jua kuzama, mara nyingi hana cha kubakiza. Kwa hiyo mradi wa Msingi Bora, uliopimwa katika vijiji 60 vya magharibi mwa Kenya, uliwakutanisha wazazi wa baadhi ya vijiji hivyo kwa vikundi, mara 16 katika miezi minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha watoto wao wakipanda katika utambuzi na lugha.

Hayo yote ni umaskini. Kijiji ni jambo jingine, na watafiti wengi huviweka katika kapu moja. Mwaka 1977 Sara Harkness na Charles Super, walioishi Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya, walieleza kwa nini watoto wa huko walikuwa wagumu kupimwa: mtoto mwenye adabu mbele ya mkubwa husikiliza na kutumwa, hamsimulii mgeni hadithi aliyosimuliwa na mgeni huyo huyo dakika moja iliyopita. Anapewa alama ndogo kwa ukimya aliofundishwa. Kule Usenge, kusini mwa Busia ya Kenya, utafiti wa Robert Sternberg na wenzake wa mwaka 2001 ulikuta kwamba watoto wa Kijaluo waliozijua zaidi dawa za mitishamba, ipi ni ya minyoo na hunywewa kiasi gani, ndio waliopata alama ndogo zaidi za msamiati na za shuleni. Familia zilikuwa zimechagua pa kuwekeza. Wajaluo wenyewe wana maneno manne kwa kile ambacho kipimo kimoja kinadai kukipima: rieko (ujuzi), luoro (heshima), winjo (uelewa) na paro (ubunifu wa kuanzisha jambo).

Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba Kwapa hana haja ya kuitamka istilahi yangu. Anaweza kuuliza maswali ambayo mama anayajibu kwa Kiteso bila aibu: Ukimwita kwa nyuma anageuka? Ukimtuma alete kikombe na kijiko, anavileta vyote viwili? Anakumbuka mahali ulipoweka kitu jana? Amelazwa kwa homa mara ngapi tangu azaliwe? Kisha, kwenye fomu anayoipeleka wilayani, aandike ukuaji wa utambuzi, na pembeni yake ni ipi kati ya kazi za ubongo iliyokwama.