Kibaha na vita ya kumwahi mbu majini

Mkazi wa Sofu, Kibaha Mjini, hahitaji kwenda mbali kuiona historia ya vita dhidi ya malaria. Katika eneo la viwanda la TAMCO, mji huohuo, kipo kiwanda cha viuadudu cha Tanzania Biotech Products, kilichojengwa na Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC) kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba. Humo huzalishwa bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu.

Wazo lenyewe ni kongwe. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu ndiye hubeba vimelea, alipigia debe kufukia madimbwi. Dar es Salaam ya Wajerumani ikafuata njia ya Robert Koch: pima damu, gawa kwinini. Kisha ikaja DDT, na mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaazimia kuifuta malaria duniani. Dunia hiyo, ajabu, haikuhesabu sehemu kubwa ya Afrika. Zanzibar ilipata bahati: nyumba zilipuliziwa dawa kuanzia 1958, ugonjwa ukashuka sana, kazi ikasimama 1968, nao ukarudi.

Mmoja wa bakteria wanaozalishwa Kibaha, aitwaye Bti, aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israel. Kiluwiluwi akimmeza, sumu yake huharibu utumbo. Samaki na binadamu hawadhuriki. Dar es Salaam ilianzisha mpango wake mwaka 2004, na baadaye wakazi wa mitaa wakawa wanazunguka kila wiki kukagua madimbwi na kuyatia dawa. Kila wiki, kwa sababu dawa haikai.

Hapo ndipo penye ugumu. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda cha Kibaha na kuzitaka halmashauri zinunue dawa yake. Kiwanda kilikuwepo, mbu walikuwepo, wanunuzi ndio walioadimika. Tangu Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria uanze mwaka 2002, fedha za wafadhili zimeelekea zaidi kwenye vyandarua, vipimo na dawa za kutibu. WHO nayo inashauri dawa za kuua viluwiluwi zitumike pale tu mazalia yanapokuwa machache, yasiyohamahama na rahisi kuyapata.

Mbu wa malaria hutaga hata kwenye maji yaliyotuama katika alama ya kwato. Kwa mji unaopanuka kama Kibaha, lita za dawa ni sehemu tu ya gharama. Nyingine ni posho ya mtu wa kuzunguka mitaani msimu mzima wa mvua.