Kanuni za kuzuia migongano ya meli katika njia nyembamba

Kanuni za kuzuia migongano ya meli katika njia nyembamba ni sehemu ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Zinaeleza jinsi vyombo vinavyopaswa kupita, kupishana na kuvuka katika milango ya bahari na milango ya bandari. Mifano ya njia hizo katika Afrika Mashariki ni mlango wa bandari ya Dar es Salaam (Tanzania) na ule wa Kilindini, Mombasa (Kenya).

Sababu

Meli kubwa haina breki. Hata injini ikigeuzwa irudi nyuma, meli huendelea kwenda mbele kwa umbali mrefu. Tena meli yenye shehena huzama sana majini, hivyo ikitoka nje ya sehemu yenye kina inaweza kupanda mwamba au fungu la mchanga.

Historia

Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana juu ya kanuni za pamoja, nazo zikafuatwa na nchi nyingine nyingi. Mwaka 1967 meli zilianza kutengewa njia za kwenda na kurudi katika Mlango wa Dover, kwa hiari. Kanuni za sasa zilipitishwa London tarehe 20 Oktoba 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Tangu hapo kufuata njia zilizotengwa na kutambuliwa kimataifa ni lazima.

Yaliyomo

Kanuni ya 9 inahusu njia nyembamba:
- Kila chombo kishike upande wake wa kulia, karibu na ukingo kadiri ilivyo salama.
- Chombo chenye urefu chini ya mita 20, chombo cha tanga na chombo kinachovua samaki visizuie meli isiyoweza kupita nje ya njia hiyo.
- Chombo kisivuke njia ikiwa kitaizuia meli ya namna hiyo.
- Penye kona isiyoonyesha mbele, chombo kipige honi mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6.
- Chombo kiepuke kutia nanga ndani ya njia.

Kanuni ya 10 inahusu njia zilizotengwa. Anayelazimika kuzivuka avuke kwa pembe mraba kadiri iwezekanavyo, ili aonekane vizuri na amalize kuvuka mapema. Katika Mlango wa Hormuz, karibu na Musandam nchini Oman, njia ya kuingia na ya kutoka zina upana wa maili 2 za baharini kila moja, na kati yake pana nafasi ya maili 2.

Afrika Mashariki

Katika bahari wazi, kwa kawaida meli ya injini humpisha mwenye tanga. Katika njia nyembamba, jahazi au ngalawa haipaswi kuizuia meli kubwa. Vivyo hivyo pantoni ya Magogoni na Kigamboni, pamoja na kivuko cha Likoni, hukatiza njia ya meli za bandarini, hivyo hupaswa kusubiri meli ipite.

Ajali ya kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994 haikutokana na mgongano. Kivuko kilipinduka kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi. Hata hivyo vifo vya watu 272 vinaonyesha ni maisha mangapi huwa ndani ya chombo kimoja kinachovuka.

Mfano wa madhara

Tarehe 6 Desemba 1917, katika mlango mwembamba wa bandari ya Halifax nchini Kanada, meli Imo iliyokuwa upande wake wa kushoto iligongana na Mont-Blanc iliyobeba baruti. Mlipuko uliofuata uliua watu zaidi ya 1,700, wengi wao wakiwa nchi kavu.