Kanisa ya wenye kurudi



Mwezi uliopita nilirudi ku kanisa ya utoto wangu, ile ya Wametodisti, hapa Manika, Kolwezi. Miaka tisa nilikuwa sijaingia mule. Sikugombana na mtu. Nilienda Lubumbashi kusoma agronomi, nikaanza kukosa ibada kwa sababu ya mitihani, kisha kwa sababu ya mazoezi ya shamba, mwisho bila sababu yoyote.

Nilikuta mabati mapya na viti vya plastiki pahali pa mabenchi. Mbele ya mahubiri, yule wa matangazo akasema: "Wageni, na wale balikuwa mu safari, basimame." Nikasimama. Watu wakapiga makofi, mama mmoja wa korali akapiga vigelegele. Nilisikia haya na furaha pamoja. Tangu siku ile njo ninafikiri juu ya historia ya kanisa hii, maana yenyewe ilijengwa na watu wenye kurudi.

Wengi tunajua jina la John Springer na bibi yake Helen, Wamarekani wa Kanisa la Methodisti Episkopali, ndiyo kusema Wametodisti wenye maaskofu. Mwaka 1907 walipita inchi ya Walunda kwa miguu, kutoka upande wa Zambia ya leo mpaka Angola. Mwaka 1910 wakarudi kuanza kazi. Mwaka 1914 daktari Arthur Piper akafika Kapanga, karibu na Musumba ya Mwant Yav. Jina "Episkopali" liliondoka mwaka 1939, wakati makanisa matatu ya Marekani yaliungana, lakini maaskofu walibaki. Mwaka 1964 John Wesley Shungu akawa askofu wa kwanza Mukongomani.

Ile tunasahau ni hii: watu wetu waliuzwa utumwani upande wa Bié, Angola. Huko wengine walikutana na misioni, wakajifunza kusoma na kuimba. Walipopata uhuru, wakarudi kwao. Kayeka Mutembo alikuwa mmoja wao: alitoka mtumwa, akarudi muhubiri. Bila watu kama yeye, wale wageni wangesema na nani, na kwa luga gani?

Bon, hiyo ni sehemu ya historia tunayopenda kusimulia. Kuna ingine.

Kolwezi ilianza mwaka 1937, muji wa Union Minière. Tangu miaka ya 1920 kampuni ile ilikuwa inaandika wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na reli ya Bukama mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, iliyomalizika mwaka 1928, ilirahisisha safari. Watoto wao walizaliwa katika kampi zetu, wakasoma nasi, wakaimba nasi. Agosti 1992 Tshisekedi, mutu wa Kasai, akawa waziri mkuu pahali pa Nguz, mutu wa kwetu. Katanga ikawaka. Likasi ilitangulia, na Machi 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Wakasai walifukuzwa manyumbani, makazini, mashuleni. Walilala ku stasio ya treni majuma na majuma. Wengi, zaidi watoto, walikufa pale ao njiani.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nkambo wangu mwanamuke njo alinisimulia. Kiongozi wa korali yao alikuwa Mukasai. Siku ya kwenda ku stasio, alipita kwa nkambo na kitabu chake cha nyimbo. "Akaniambia: utanichungia, nitakirudilia. Hakurudiaka."

Nikamuuliza: "Na ninyi ba kanisa, mulisema nini?"

Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema: "Tulisali."

Wengine walirudi miaka ya nyuma. Mama yangu anawakumbuka: waliingia polepole, wakakaa mabenchi ya mwisho. Hakuna aliyewaambia wasimame. Hakuna makofi.

Sisi wa agronomi tunajua: pori yetu ya miombo ikikatwa, inarudi kwa visiki na mizizi iliyobaki mu udongo. Ukiacha shamba lipumzike lakini ulishang'oa visiki vyote, utangoja sana. Miaka peke yake haitoshi. Ninaona na kanisa ni vile. Miaka zaidi ya makumi tatu ilipita, na sisi tunasema "ile mambo iliisha". Iliisha kwa nani?

Nkambo alishakufa. Kitabu kiko kwetu. Nilikibeba Jumapili iliyofuata, nikamuonyesha mama mmoja muzee wa korali. Alifungua kurasa ya kwanza, akasoma jina kwa sauti ya chini, akakaa. Halafu akaanza kunihesabia majina ya korali ya 1992, nami nikaandika mu kaye: majina kumi na ine. Sita walipanda ile treni.

Nilimuomba pasta tuyasome siku moja mbele ya kanisa. Alinijibu ataona na komite. Ninamuelewa, si jambo jepesi, na mu kanisa kuna watu wa pande zote. Lakini nitarudi kumuuliza.

Na wewe mwenye kusoma hapa, kama uko na nkambo muzima, Likasi, Kolwezi ao Kasai, enda umuulize sasa. Uliza majina. Andika. Sisi tuliosoma, kama hatufanye hata ile kazi, diplome inatusaidia nini? Na siku mwenye kitabu ao mutoto wake ataingia mulango ule, akute tunajua jina lake, tumuambie: simama, ndugu, tukupigie makofi.