Lebanon: Nchi Moja, Saa Mbili

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Machi 2023, wananchi wa Lebanon waliamka wakiwa na saa mbili tofauti katika nchi moja. Kwa kawaida, Jumapili ya mwisho ya Machi mishale ya saa husogezwa mbele kwa saa moja ili mwanga wa kiangazi utumike vizuri. Siku tatu kabla, serikali ilitangaza kwamba mwaka huo mabadiliko yangengoja hadi mwezi wa Ramadhani umalizike. Kanisa la Wamaroni likakataa, likasogeza saa zake kama desturi. Vituo viwili vikubwa vya televisheni vikafuata saa ya kanisa. Ofisi za serikali zikabaki na saa ya zamani. Kampuni za simu zikawashauri wateja wazipange saa zao wenyewe kwa mkono. Swali jepesi kuliko yote, "saa ngapi sasa?", likawa swali la kisiasa.

Ilifahamika baadaye namna uamuzi ule ulivyofikiwa. Video iliyovuja ilimwonyesha spika wa Bunge, Nabih Berri, akimwomba waziri mkuu Najib Mikati aache saa zilivyo, ili wanaofunga wafuturu saa kumi na mbili jioni badala ya saa moja. Kila aliyewahi kufunga anajua kwamba saumu hufuata jua, wala haipungui hata dakika moja kwa kusogeza mshale. Hata hivyo Berri ni Mshia na Mikati ni Msuni, na kiti cha urais, ambacho kwa mapatano ya zamani ni cha Mmaroni, kilikuwa wazi tangu mwisho wa Oktoba 2022. Wakristo wengi wakaona kwamba Waislamu wawili wamejiamulia wakati wa taifa zima. Jumatatu baraza la mawaziri likakutana na kubatilisha uamuzi, na usiku wa Jumatano nchi ikarudi kwenye saa moja.

Nakiri kwamba nilicheka. Niliisimulia habari hiyo darasani ili kuwachangamsha wanafunzi, nao wakacheka. Kisha mmoja wao akauliza: "Mwalimu, jambo lisilo la dini liligeukaje kuwa la dini kwa siku mbili tu?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu nililomcheleweshea.

Lazima turudi mwaka 1932. Chini ya utawala wa Ufaransa, Lebanon ilifanya sensa ambayo mpaka leo ndiyo sensa rasmi ya mwisho. Ilionyesha Wakristo wakiwazidi Waislamu kidogo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1943, Bechara El Khoury, Mmaroni, na Riad El Solh, Msuni, walikubaliana kwa mdomo namna ya kuishi pamoja: rais awe Mmaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia, na viti vya Bunge vigawanywe kwa uwiano wa Wakristo sita kwa Waislamu watano. Hiyo ndiyo sababu sensa nyingine haijafanywa. Kuwahesabu watu upya ni kuufungua mkataba upya, na hakuna kiongozi aliye tayari kubeba mzigo huo.

Nilipokuwa mwanafunzi, mpango huu ulifundishwa kwa heshima. Arend Lijphart, katika nadharia yake ya demokrasia ya maridhiano, aliitaja Lebanon kuwa miongoni mwa mifano yake. Lakini mnamo Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, vikadumu miaka 15 na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 150,000. Mapatano ya Taif ya mwaka 1989 yalirekebisha hesabu: Wakristo na Waislamu sasa wapate viti sawa. Yaliahidi pia kwamba siasa za madhehebu zitaondolewa hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza bado inasubiriwa. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria ya msamaha, na makamanda wa wanamgambo wakavua magwanda wakaingia serikalini. Berri mwenyewe, aliyeongoza kundi la Amal wakati wa vita, amekuwa spika tangu mwaka 1992.

Hapa ndipo wachambuzi wengi huishia, na mimi pia niliishia hapo kwa miaka mingi. Tunasimulia namna vyeo vilivyogawanywa, tukasahau kuuliza vyeo hivyo vilifanya nini baada ya kugawanywa. Jibu liko katika umeme.

Shirika la umeme la Lebanon liliundwa mwaka 1964. Baada ya vita lilijengwa upya kwa fedha nyingi, lakini halikuwahi tena kuwapa wananchi umeme wa saa 24. Hata katika miaka ya neema, Beirut ilikuwa na mgao wa saa tatu kila siku, na nje ya mji mkuu mgao ulikuwa mrefu zaidi. Bei ya umeme haikubadilishwa tangu mwaka 1994 hadi 2022, na hasara ilibebwa na hazina, ikawa sehemu kubwa ya deni la taifa. Kila mtu alijua kwamba mitambo mipya inahitajika. Lakini mtambo nao una dhehebu. Mwaka 2020, nchi ikiwa imekwisha kufilisika, serikali ilivutana juu ya kujenga mtambo Selaata, kwenye eneo la Wakristo, kwa kuwa Deir Ammar iko kwenye eneo la Wasuni na Zahrani kwenye eneo la Washia. Wakati wanavutana, mitambo hiyo miwili iliyopo ilikuwa ikielekea kukosa mafuta. Oktoba 2021 ilizimika yote miwili, na nchi nzima ikawa gizani.

Pengo hilo lilizibwa na wenye majenereta. Kila mtaa una mtu wake, mwenye mashine kubwa na nyaya zinazokatiza juu ya barabara. Familia hulipia ampea tano au kumi. Kwa ampea tano taa zitawaka na friji itafanya kazi, lakini ukichomeka pasi na hita ya maji kwa pamoja, umeme unakata. Mama wa nyumbani anajua saa ya kufua nguo, mzee wa ghorofa ya nane anajua saa ya kushuka kununua mkate kabla lifti haijasimama, na mwanafunzi anajua saa ya kuchaji simu. Sisi tulioishi na mgao tunaijua kelele ya furaha ya watoto umeme unaporudi. Tofauti ni kwamba kule mgao umekuwa maisha ya vizazi viwili, na anayepanga ratiba si dola tena. Hii ndiyo saa ya kweli ya Lebanon. Haikuwagawa Wakristo na Waislamu hata siku moja. Imewagawa wanaomudu ampea kumi na wanaomudu tano, na wale wasiomudu hata moja.

Sarafu nayo ilipita njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 1997 lira iliwekwa kwenye kiwango cha takriban 1,507 kwa dola moja, na benki zikavutia dola kwa riba kubwa ili kiwango hicho kisivunjike. Tarehe 17 Oktoba 2019, baada ya serikali kupendekeza kodi ya simu zinazopigwa kwa WhatsApp, watu walimiminika barabarani kuanzia Tripoli mpaka Tyre wakidai kwamba viongozi wote waondoke, na wote maana yake ni wote, pamoja na wa dhehebu la msemaji. Siku chache baadaye walishikana mikono kufanya mnyororo wa watu uliopita pwani yote, yapata kilomita 170. Benki zikafunga milango, na zilipofungua, wenye akiba hawakuruhusiwa kuchukua dola zao. Machi 2023, mwezi ule ule wa saa mbili, dola moja ilifika lira 100,000. Mwalimu aliyekuwa akipokea mshahara wa kuheshimika alijikuta hawezi kununua petroli ya kumfikisha shuleni. Katikati ya hayo, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amonia nitrati zilizoachwa bandarini kwa miaka zililipuka, zikaua zaidi ya watu 200. Uchunguzi wake umesimamishwa mara kwa mara na kesi za wanasiasa waliotakiwa kuhojiwa.

Wapo wasiokuwa na saa kabisa, nao wanatuhusu. Sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka 1946 iliwatoa wafanyakazi wa majumbani katika ulinzi wake. Binti aliyetoka Kenya au Ethiopia kwenda kufanya kazi Beirut chini ya mfumo wa kafala hana saa ya kuanza kazi wala ya kumaliza inayolindwa na sheria hiyo. Lira ilipoporomoka, waajiri wengine waliwatelekeza wanawake hao nje ya balozi zao, na mwaka 2020 wanawake wa Kenya waliandamana mbele ya ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi yao wakidai kurudishwa nyumbani. Madhehebu yaliyogombana juu ya saa ya futari hayakugombana juu ya saa za kazi za msichana anayeipika futari hiyo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba dini ndiyo ugonjwa wa Lebanon. Kila asubuhi redio za nchi ile hupiga nyimbo za Fairuz, na anayenywa kahawa akimsikiliza haulizi yeye ni wa kanisa gani. Wakati wa vita alikataa kuimba kwa ajili ya upande wowote. Mwanawe, Ziad Rahbani, aliandika tamthilia za kuchekesha na kuuma juu ya watu ambao mshahara hauwatoshi, na kanda zake zilisikilizwa pande zote za mstari wa vita. Alipofariki Julai 2025 aliliwa na wengi wasiokubaliana kwa lolote lingine. Walebanoni wanajua kuishi pamoja. Kinachowashinda ni kuwalazimisha wanaogawana dola kwa jina lao waifanye dola hiyo ifanye kazi.

Hapo ndipo ninapowageukia wasomaji wangu, hasa watumishi wa umma na vijana wa harakati. Kanda yetu nayo imepatanisha kwa kugawana. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yaliipa Burundi njia ya kutoka vitani, na katiba ya mwaka 2005 ikaweka uwiano wa asilimia 60 na 40 bungeni. Kenya iligawana serikali mwaka 2008. Sijutii hata moja ya mapatano hayo, kwa sababu mbadala wake ulikuwa makaburi. Lakini wahenga walituonya tusigombee fito ilhali tunajenga nyumba moja, na Lebanon inatuongezea onyo la pili: inawezekana fito zikagawanywa kwa haki kamili, kila mtu akaondoka na fungu lake, na nyumba isijengwe.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Jambo lisilo la dini hugeuka kuwa la dini pale dola inapokuwa haina kitu kingine cha kuwapa watu ila nafasi za madhehebu yao. Dola iliyoshindwa kuwasha taa ilikuwa bado na uwezo wa kusogeza mshale wa saa, basi ikautumia. Unapoletewa mpango wa kugawana madaraka, popote pale, usome jedwali la viti, kisha uulize ni nani atakayewajibika umeme ukikatika. Kama jina hilo halimo, mpango haujakamilika.