Saitometri ya mtiririko: Kutoka damu ya wagonjwa Mtwara hadi maji ya Ghuba ya Mnazi

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini wamekwisha kusikia habari za ‘mashine ya CD4’, na baadhi yao wamepata kuketi nje ya chumba chake wakisubiri karatasi yenye tarakimu. Wachache wanaofahamu kwamba mashine hiyo ni tawi moja tu la ufundi mpana wa maabara uitwao saitometri ya mtiririko, yaani upimaji wa seli moja moja zikiwa katika mwendo, na kwamba ufundi huo huo ndio uliowafunulia wataalamu wa bahari viumbe ambao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaona.

Kanuni yake haina utata mwingi. Damu, au maji yenye vijidudu, husukumwa katika mrija mwembamba huku ikizungukwa na maji mengine safi yanayokwenda kasi zaidi. Maji hayo ya nje huibana ile ya ndani mpaka seli zinalazimika kupita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine. Zikifika mahali fulani hukutana na mwali wa leza. Mwanga unaoendelea mbele baada ya kuigonga seli hueleza ukubwa wake. Unaotawanyika pembeni hueleza kama ndani yake mna punje nyingi au la. Vihisi hunasa habari hizo na kompyuta huziandika, seli maelfu kadhaa kwa sekunde moja.

Lakini ukubwa pekee hautoshi kuitambua seli. Ndiyo maana hutumika kingamwili zilizotengenezwa maabara, ambazo kila aina hushika alama moja tu juu ya ngozi ya seli, nazo hufungiwa rangi inayong'aa zinapopigwa na leza. Njia ya kuzizalisha kingamwili hizo ilipatikana mwaka 1975 kwa kazi ya Georges Köhler na César Milstein huko Uingereza. Kabla ya hapo, Wallace Coulter wa Marekani alikuwa amepata hataza mwaka 1953 kwa mashine ya kuhesabu seli kwa umeme, Mack Fulwyler akatengeneza ya kuzitenganisha mwaka 1965, na Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford akaziunganisha kazi hizo na rangi zing'aazo.

Moja ya rangi zinazotumika sana ni fikoeritrini, ambayo hutolewa katika mwani mwekundu. Msomaji wa Mtwara atavutiwa kujua kwamba mwani unaolimwa na akina mama katika pwani yetu ni wa jamii hiyo hiyo, ingawa wenyewe huuza kwa kilo kwa ajili ya utomvu wa viwandani na wala si kwa ajili ya rangi.

Hapa nchini ufundi huu uliingia kwa kasi kutokana na Ukimwi. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo ulianza kutekelezwa mwaka 2004, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara huduma hizo zilianzishwa kwa msaada wa Mfuko wa Clinton. Dawa hazikutosha watu wote, hivyo ilibidi kuwepo kipimo cha kuamua nani aanze na nani asubiri.

Kipimo hicho kilikuwa idadi ya seli za CD4, ambazo ni askari wa mwili wanaoshambuliwa na virusi. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Aliyeshuka chini ya 200 alistahili dawa hata kama hakuwa na dalili. Mwenye 210 aliweza kuambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo makosa madogo ya maabara hayakuwa jambo dogo hata kidogo.

Nayo makosa yalikuwa na njia nyingi za kuingia. Idadi ya CD4 hupanda na kushuka katika siku moja, asubuhi ikiwa chini kuliko jioni. Malaria huishusha, ujauzito pia. Kwa watoto wadogo idadi yenyewe haiaminiki, hivyo hutumika asilimia. Tena zipo seli nyingine za damu zenye alama hafifu ya CD4, na bila kutafuta alama ya pili, CD3, mashine ingezihesabu askari wasiokuwepo.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa muda. Seli za damu iliyokwisha kutolewa huanza kufa, na mashine kama FACSCount, iliyosambazwa katika hospitali za rufaa na za mikoa, ilihitaji damu isiyozidi siku mbili. Zaidi ya hapo, damu ya CD4 haitakiwi kuwekwa barafuni. Mtu aliyezoea kubeba chanjo katika sanduku la baridi angeweza, kwa nia njema kabisa, kuiharibu sampuli kwa kuitunza vizuri! Hutakiwa ikae katika joto la kawaida la chumbani, wala isipigwe na jua la njiani.

Hebu fikiria basi mgonjwa wa Msimbati, au wa vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma, wakati wa masika. Ama yeye mwenyewe asafiri hadi Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, ama damu yake isafirishwe ifike kabla haijafa. Vitendanishi, kinyume chake, vilitaka jokofu wakati wote, na mashine ilitaka umeme usioyumba. Mji wa Mtwara ulitegemea majenereta ya dizeli hadi gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa na kampuni ya AGIP mwaka 1982, ilipoanza kuzalishwa mwaka 2006. Ni mara chache gesi hiyo hutajwa pamoja na habari za maabara, ingawa uhusiano upo.

Baadaye zilikuja mashine ndogo za mezani zinazotumia tone la damu ya kidole. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipandisha kiwango cha kuanza dawa kuwa 350 mwaka 2010 na 500 mwaka 2013, kisha mwaka 2015 likaelekeza kila mwenye virusi apewe dawa bila kujali CD4. Tanzania ilianza kutekeleza agizo hilo mwaka 2016. Wapo waliodhani mashine zimekwisha kazi. Si hivyo: aliye chini ya 200 bado yumo katika hatari ya kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, na bila kuhesabu seli ni vigumu kumtambua mapema, maana wengine huingia kliniki wakitembea kwa miguu yao.

Kwa upande wa utafiti, matumizi ni mapana zaidi. Katika majaribio ya chanjo, kwa mfano yale ya Ukimwi yaliyofanyika Muhimbili kuanzia mwaka 2007, saitometri huonyesha ni seli zipi zilizoitikia chanjo. Wanabiolojia huitumia kupima kiasi cha DNA ndani ya seli, na kwa njia hiyo kujua seli ipi imo katika kugawanyika. Katika maji ya kunywa, rangi inayoshika DNA huwezesha kuhesabu bakteria wote kwa dakika chache, wakati njia ya kuwaotesha katika sahani huchukua siku nzima au zaidi na huwaacha wengi wasiokubali kuota.

Baharini nako kulikuwa na jambo la kushangaza. Mwaka 1988 Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao walitangaza kwamba mashine hiyo, ikiwa melini, ilikuwa imegundua kiumbe kinachotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, chenye upana wa chini ya elfu moja ya milimita. Kiliitwa Prochlorococcus. Katika mililita moja ya maji ya bahari ya joto wanaweza kuwamo 100,000, na darubini za kawaida zilikuwa zimewapita. Ndugu yake, Synechococcus, hutambulika bila kupakwa rangi yoyote kwa kuwa anayo fikoeritrini yake mwenyewe, ile ile ya maabara ya hospitali.

Pwani ya Mtwara ni mahali pazuri pa kuuliza maswali ya namna hii. Ni katika eneo hili kati ya Mtwara na Cabo Delgado ambapo mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi hugonga bara la Afrika na kugawanyika, sehemu ikielekea kaskazini na nyingine Msumbiji. Maji hayo ya bahari kuu yana virutubisho vichache na viumbe wadogo sana. Ya Ruvuma huleta tope na mbolea. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650, imeyashika yote mawili pamoja na mikoko na matumbawe. Matumbawe hayo yalipatwa na joto la mwaka 1998, ambapo mengi katika pwani ya Afrika Mashariki yalipauka baada ya kuwapoteza mwani wadogo wanaoishi ndani yake. Mwani hao nao huhesabika kwa saitometri, kutoka kipande kidogo cha tumbawe.

Sampuli ya bahari ina nafuu moja ambayo damu haina. Mililita moja au mbili za maji ya Msimbati zikitiwa dawa ya jamii ya fomalini na kugandishwa katika naitrojeni ya maji, zaweza kungoja miezi na kusafirishwa hadi maabara yoyote yenye mashine. Damu ya mgonjwa wa kijiji hicho hicho bado ina siku zake mbili.